Mota Inayonukia Ubani

Voi
Jumatatu, 20 Januari 2025

Mwalimu Selpha,

Shikamoo. Ulinikataza kuanza barua na "dhumuni hasa la kukuandikia", kwa hivyo naanza na mota ya pampu yako. Imefika. Thadeus, yule dereva wa nyanya, aliishusha kutoka kwenye pikapu Alhamisi jioni, chini ya kreti za nyanya, imefungwa kwa gunia kama mbuzi mgonjwa. Mjomba Mutunga aliifungua, akainusa, akasema, "Mwalimu wako alikuwa anavuta maji ama anachoma nyama?" Samahani. Nimeandika kama alivyosema.

Koili zote za waya zimekuwa nyeusi. Tutazitoa tufunge mpya. Kazi hiyo sasa naijua. Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne niko hapa karakana kila siku, na mjomba ameshaniachia mota nne nizifunge peke yangu. Hakuna iliyorudi.

Lakini barua yako inasema koili zipakwe dawa yangu ya ubani ya kuzuia unyevu, si ile ya mkebe. Niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Sikujua kama bado unakumbuka ile redio.

Mimi nakumbuka kila kitu cha siku ile. Nilikuwa nimepaka ubani uliopikwa kwenye kadi ya redio, ile sahani ya kijani yenye vipande vya umeme, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji mbele ya wageni waliotembelea shule, na redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo bila kukwama. Mgeni mmoja akauliza, "Hii ni kazi ya nani?" Nikajificha nyuma ya pazia la maabara. Ukajibu wewe.

Ubani huo si uvumbuzi wangu. Ni wa susu, yaani nyanya yangu Kasyoka, anayekaa upande wa Maungu. Yeye huupika na mafuta ya nyonyo kuziba nyufa za vibuyu. Ana kibuyu cha uji kilichomzidi mama yangu umri, na hakivuji. Mimi niliwaza tu kwamba kitu kinachozuia uji kutoka kinaweza kuzuia maji kuingia.

Dawa ya mkebe inatengenezwa kwa petroli. Ukiifungua macho yanatoa machozi, na mjomba hukohoa siku mbili kila akiitumia. Lakini anaiamini. Dawa yangu haiamini. Nilipomsomea barua yako alisema: "Mota ni ya mwalimu, hiari ni yake. Paka. Lakini ikirudi hapa kwa sababu ya huo utomvu wako, hicho chungu kinatoka karakana yangu, na wewe unaenda saluni kwa Shanice ujifunze kusuka." Shanice ni binamu yangu. Saluni ni nzuri. Ila kule kazi ni kuongea na watu kutwa nzima.

Kwa hivyo nakuuliza tena, Mwalimu. Ukitaka dawa ya mkebe, sema tu. Sitaumia.

Mwanafunzi wako,
Kavinya Muinde


Mboghoni
Alhamisi, 23 Januari 2025

Kavinya,

Marahaba. Mwambie Mutunga kwamba nilikuwa nachoma nyama, na kwamba hakualikwa.

"Sitaumia." Miaka minne nimesoma maandishi yako, mtoto wewe, na hujawahi kuandika uongo mkubwa kama huo. Paka ubani.

Nikueleze hali yangu ili ujue unachokifanya. Tangu nistaafu nalima vitunguu. Mfereji wa maji unapita chini ya shamba langu, na maji, kama ulivyofundishwa na mwalimu hodari sana, hayapandi mlima yenyewe. Bila pampu mimi ni mama mzee anayetazama maji yakienda kwa jirani. Vitunguu vina wiki tano. Jirani ananisaidia na pampu yake kwa sasa, lakini mwezi wa pili atahitaji kuihamisha. Kwa hivyo sikukupa mota hii kwa huruma. Naihitaji.

Nina masharti mawili. La kwanza, niandikie kila hatua kama ulivyokuwa ukiandika majaribio ya maabara. La pili, usinipigie simu kuniomba ruhusa ya hili na lile. Najua hutapiga, nakutania tu. Hata ukipiga hutanipata. Nikisimama jikoni simu yangu inanikaribisha Tanzania, nikisimama chooni inarudi Kenya.

Sheria yetu bado ni ile ya kidato cha kwanza: asiyeweza kuinua mkono na ainue kalamu. Nina boksi la viatu limejaa karatasi zako. Thadeus anapita Jumatatu na Alhamisi.

Mwalimu wako,
Selpha Owino


Voi
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwalimu,

Mota iko kwenye pikapu na barua hii. Hatua ni hizi.

Nilipika mafuta ya nyonyo nyuma ya karakana, nje, mbali na kila kitu kinachoshika moto. Siku mbili. Yanakuwa tayari ukichovya kijiti na kukiinua yakavutika kama uzi. Gunia la ubani lilitoka kwa susu. Wachungaji wa huko huokota kila utomvu wanaouona kwenye miti na kumletea, kwa hivyo lazima uchambuliwe. Susu huuma kila kipande kwa meno kabla hakijaingia chunguni. Mimi nilichambua kwa macho, vya njano huku, vyeusi kule, kwa sababu siku hiyo baraza lilijaa wateja. Nikasaga kwenye jiwe hadi ukawa unga, nikautia kwenye mafuta moto, nikachuja kwa kitambaa.

Nilifunga koili na kuweka karatasi za kuhami. Nikapasha mota joto, nikaizamisha chunguni hadi mapovu yakaisha, nikaitundika idondoke. Kisha siku mbili ndani ya jiko la pipa. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi, inang'aa.

Sasa harufu. Mwalimu, karakana nzima ilinukia kama Misa ya Pasaka. Dereva mmoja wa lori aliingia, akavua kofia, akauliza, "Padre yuko wapi?" Mwingine akasema mota yako sasa imeokoka, haitakubali kuvuta maji Jumapili.

Mjomba aliipima mwenyewe na ile mita inayoonyesha kama umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi ya chuma. Sindano ilikimbia hadi mwisho wa kipimo na kukaa pale, maana yake hakuna kinachovuja. Aliigonga mita kidogo, akapima tena. Ikakaa pale pale. Siku hiyo nilimsikia akimwambia mteja, "Ngoja nimuulize fundi," na karakana tunafanya kazi watu wawili tu, yeye na mimi.

Mjomba anasema ukiifunga usisahau waya wa ardhini. Nami nasema hivyo.

Kavinya


Mboghoni
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kavinya,

Mota ilifika salama. Waya wa ardhini upo. Shamba linapata maji, usiwe na wasiwasi.

Barua yako ya hatua ni nzuri. Nina maswali mawili, ya udadisi tu. Ile dawa ilikaa ndani ya jiko la pipa saa ngapi hasa? Na huo ubani, una hakika wote ni wa mti mmoja?

Huku kuna umande mwingi mwaka huu. Asubuhi nyasi za mfereji zinalowesha gauni hadi magoti.

Nitaandika zaidi mgongo ukipoa.

Selpha


Voi
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mwalimu,

Pole kwa mgongo! Nilijua hutakaa kitako hata ukiwa na pampu.

Ilikaa saa arobaini na nane. Ubani una asili ya aina mbili tatu za miti, nadhani, lakini rangi ilifanana.

Nina habari. Nilimsomea mjomba pale ulipoandika shamba linapata maji. Alichukua barua akaisoma mwenyewe, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Tangu siku hiyo kila mteja anaonyeshwa. Anasema, "Mota ya mwalimu wa fizikia iko Mboghoni, kando ya mfereji, imepakwa dawa ya mpwa wangu." Mimi hukaa nyuma ya rafu ya waya nikisikiliza. Naona aibu, lakini siondoki.

Ijumaa alikuja mama mmoja kutoka Mghange, anaitwa Mama Jedidah, mwenyekiti wa chama cha akina mama wenye mashine ya kusagia mahindi. Mota yao imeungua. Huko juu ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, na hii ni mara ya pili kwa mwaka mmoja. Mjomba hakuniuliza. Alimwambia, "Tutaipaka ubani." Mama Jedidah akauliza kama itasaga ama itaimba nyimbo za kanisa. Mjomba akamjibu, "Vyote."

Nimeshapika chungu kingine, cha gunia lile lile. Mota ya Mghange itazamishwa Jumamosi hii.

Mwalimu, sijawahi kujivuna. Sijui inafanywaje. Lakini jana nikienda kanisani nilipita karibu na transfoma pale kando ya barabara, nikaisikia inavuma, nikasema moyoni, "Na wewe subiri zamu yako." Nikacheka peke yangu barabarani.

Kavinya


Mboghoni
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kavinya,

Leo nimekupigia simu mara tatu nikiwa nimesimama chooni. Najua ulikuwa umekaa ukiiangalia ikilia. Nimemtumia mjomba wako ujumbe mfupi kwamba mota ya Mghange isizamishwe kwanza. Sababu sikumwambia. Nakuandikia wewe, kwa kuwa ni wewe niliyekudanganya.

Mota yako ilivuta maji vizuri siku tano. Siku ya sita nilikwenda asubuhi, nyasi zikiwa zimelowa, nikaigusa bodi na kidole kikafa ganzi. Nilichukua testa, taa yake ikawaka. Waya wa ardhini ulikuwa umelegea. Niliukaza, lakini kosa halikuwa hapo. Umeme haukupaswa kufika kwenye bodi hata kidogo. Umeme unavuja, Kavinya. Unyevu umepenya kwenye dawa. Niliizima tarehe nane na sijaiwasha tena.

Nilipoandika kwamba shamba linapata maji, lilikuwa linapata. Nilikuwa nayabeba kwa ndoo. Kila neno la barua ile lilikuwa la kweli, na barua yenyewe ilikuwa uongo. Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja wasifute matokeo mabaya, wayapige mstari mmoja na kuyaacha yasomeke. Halafu nikayafuta yako.

Nilikumbuka alichosema Mutunga, kwamba ikirudi chungu kinatoka. Nikasema nitabeba ndoo hadi mavuno na hakuna atakayejua. Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nimerudi kulekule, kukujibia swali lako nawe uko nyuma ya pazia. Kisha ukaniandikia habari ya Mghange, akina mama wamezunguka mashine na mikono imelowa ukungu, nikaona uongo wangu unaelekea wapi.

Mota nimempa Thadeus pamoja na barua hii. Imerudi. Nisamehe.

Selpha


Voi
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mwalimu,

Ijumaa sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Sikujua naweza kuwa na hasira na wewe. Nilikaa nayo siku moja, halafu nikaenda kufungua mota.

Dawa imekuwa na madoa meupe, kama maziwa yaliyomwagika kwenye chai. Niling'oa kipande nikakitia kwenye kikombe cha maji. Kufika jioni yale madoa yalikuwa yameyeyuka yakaacha vishimo. Hapo nikajua. Nilikwenda kwenye gunia la susu, nikachukua kipande cha njano kizuri kuliko vyote, nikakiuma. Kililainika mdomoni.

Haukuwa ubani, Mwalimu. Ilikuwa gundi ya mgunga. Tukiwa watoto tunachunga mbuzi tulikuwa tunaila kama peremende. Kwa macho zinafanana kabisa, hasa zikikauka. Ubani huyeyuka kwenye mafuta moto na hauyeyuki kwenye maji. Gundi ni kinyume chake. Ningeiacha vipande vikubwa ningeiona imebaki kwenye kitambaa, lakini mimi nilisaga kila kitu kuwa unga, ikajificha kama mchanga ndani ya sukari. Voi ni pakavu, mita haikuona kitu. Kwako kando ya mfereji ikaanza kunywa umande.

Susu alijua. Ndiyo maana huuma kila kipande. Kilicho kichungu na kushika meno kinaingia chunguni, kinacholainika anawapa wajukuu. Alinifundisha nikiwa na miaka saba. Nami nilikuambia nilichambua kwa macho kwa sababu baraza lilijaa wateja, na hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni hii: walikuwa wanaume sita, madereva na makondakta, na nilijiona nimekaa pale nikiuma na kutema, kuuma na kutema, wakinitazama. Sikuweza. Niliona aibu, na aibu yangu ndiyo ilikupa ganzi ya kidole. Ingeweza kukuua.

Kwa hivyo sote wawili tulificha. Mimi nimekusamehe. Sijui kama wewe utanisamehe.

Nitamwambia mjomba leo. Nimeandika maneno kwenye karatasi kwanza ili nisisahau.

Kavinya


Voi
10 Machi 2025

Mwalimu Owino,

Mimi si mtu wa barua. Ninachoandika ni risiti. Lakini huyu mtoto hatakuambia haya, na ni lazima mtu ayaseme.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilikuwa na wateja watatu. Kavinya akatoka nyuma ameshika karatasi. Akasema kwa sauti ndogo mpaka nikazima redio, "Mjomba, mota ya Mwalimu imerudi. Inavuja. Kosa si la ubani, kosa ni langu." Mbele ya wateja, Mwalimu. Kisha akasoma kosa lote, gundi na ubani na aibu na yote, akakunja karatasi, akauliza kama achukue vitu vyake.

Nimekuwa fundi miaka ishirini na miwili. Nimeunguza mota za watu. Nimesingizia umeme mdogo, umeme mkubwa, radi, panya. Sijawahi hata siku moja kumwambia mteja kosa ni langu.

Nilikuwa nimesema chungu kitatoka. Sasa kiko barazani, mbele kabisa, kwa sababu kule nyuma ndiko alikokuwa akijificha. Nilimwekea kiti. Nikamwambia kama ubani unataka meno, basi utaumwa hapa, watu wakiona.

Siku ya kwanza alikaa kama nusu saa anakitazama kipande. Baadaye akakiuma. Madereva wakaanza. "Fundi, leo unakula mota? Chumvi iko?" "Ongeza pilipili!" Mtoto akatema, hakuinua uso, akasema, "Sili. Nachagua." Mmoja akaomba kipande aone. Akaambiwa kama ni kitamu arudishe, si cha mota. Kufika Jumatano baraza zima linatafuna. Mimi mwenyewe nilijaribu, na jino langu la bandia likabaki kwenye ubani. Wamecheka hadi leo.

Tuliweka mapipa mawili, gundi kwenye moja, ubani kwenye lingine. Gundi ilikuwa robo ya gunia. Alipika upya, akaiacha dawa itulie siku tatu, akamimina ya juu tu. Tukachovya koili, tukaikausha, tukaizamisha kwenye beseni la maji siku mbili usiku na mchana. Nikapima. Sindano ikakimbia hadi mwisho, ikakaa pale. Nikapima na koili ya dawa yangu ya mkebe. Sawa sawa. Yake haikunikohoza.

Mota yako ndiyo hii. Ya Mghange tutaipeleka ukituambia yako inasemaje. Safari hii utuambie ukweli, tafadhali, hata kama ni mbaya.

Usimwambie nimekuandikia.

Fundi Mutunga


Mboghoni
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kavinya,

Nakupa matokeo, kwa kalamu isiyofutika.

Mota imefanya kazi siku kumi. Muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni, kila siku. Kila asubuhi, kabla jua halijakausha nyasi, naweka testa kwenye bodi. Siku ya kwanza, taa haikuwaka. Siku ya tano, haikuwaka. Siku ya sita nilisimama pale muda mrefu kabla ya kujaribu. Haikuwaka. Tarehe kumi na nane mfereji ulifurika usiku, asubuhi nikakuta pampu imelowa kama kuku wa sokoni. Niliiacha ikauke nje, nikaipima, taa haikuwaka. Leo haikuwaka.

Matokeo mabaya pia nayaandika. Vitunguu vya upande wa juu vimekufa, matuta saba. Usijaribu kubeba lawama hiyo wewe. Hivyo niliviua mimi kwa siku kumi na mbili za kunyamaza, maana ndoo hazikufika huko. Vya chini vimenenepa. Nimekutumia gunia dogo, mwambie mjomba wako ajaribu na jino lake. Sijaambiwa na mtu habari za jino.

Harufu inafika hadi njiani mota ikipata moto. Jirani yangu ameuliza kama nimeanza ibada shambani. Nimemwambia ndiyo. Anataka mota yake pia ibatizwe, na nyuma yake kuna wengine wanne. Nimewaambia fundi yuko Voi na wamtafute wenyewe, mimi sijibu tena kwa niaba ya mtu.

Pamoja na gunia kuna boksi la viatu. Ni karatasi zako zote. Ile ya juu kabisa ni ya kwanza, ya kidato cha kwanza muhula wa pili. Umeandika, "Mwalimu, kwa nini waya huvaa nguo?" Nilikujibu siku ile kwa maneno ya kitabu. Sasa wewe unazishona.

Ipelekeni mota Mghange.

Selpha


Voi
Jumatatu, 31 Machi 2025

Mwalimu,

Nilianza kukuandikia nikiwa njiani kushuka kutoka Mghange, lakini kona ni nyingi na maandishi yangu yakawa kama ya kuku. Naandika upya.

Tulipanda Jumamosi, mjomba na mimi, mota katikati yetu. Ukungu ulikuwa mwingi hadi tulipofika mlangoni mwa nyumba ya mashine ndipo tukaona kuna watu. Akina mama kama thelathini, kila mmoja na debe la mahindi, na watoto, na wazee wawili waliokuja kuona kama itasaga ama itaimba. Kuta zilikuwa zinatoa maji. Nilizigusa, nikatazama mota.

Mjomba alifunga bolti, mimi nikafunga waya. Nikaanza na wa ardhini. Nilipima bodi mara mbili. Kisha Mama Jedidah akabonyeza swichi, na ikavuma, Mwalimu, ikavuma sawasawa bila kukoroma. Walimimina debe la kwanza. Unga ukatoka. Baada ya dakika kumi mota ikapata moto kidogo, na harufu ikapanda ikachanganyika na ya unga mpya, na kelele zote zikapungua. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akamwambia, "Wewe, hiyo ni mota."

Walisaga madebe kumi na nane. Nikapima tena. Taa haikuwaka.

Niliwaambia kwa karatasi, nimeibandika ukutani, kwamba dawa hii bado ni changa. Siku nyingi hatujaziona. Nimeandika tarehe, na kwamba bodi ipimwe kila wiki, na wakiona taa wazime na watuite wasifiche. Hilo la kutoficha nimelipigia mstari.

Halafu Mama Jedidah akapanda kwenye jiwe la mlangoni, akapiga makofi watu wanyamaze. Akasema, "Mashine hii imetunyanyasa mwaka mzima. Kabla hatujapika chai nataka kumjua aliyeifunga. Hii ni kazi ya nani?"

Maneno yale yale, Mwalimu.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinama anakaza bolti ambayo nilikuwa nimemwona akiikaza tayari. Hakuinua kichwa. Watu walianza kumtazama yeye, maana ndiye mwanaume, ndiye mwenye mvi, na spana iko mkononi mwake. Aliendelea kukaza. Nikaelewa kwamba atakaza bolti ile hadi usiku, na hatajibu.

Hapakuwa na pazia. Kalamu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya gari.

Nikainua mkono. Ulikuwa na unga hadi kwenye kiwiko, na ubani bado uko kwenye kucha. Nikasema, "Ni mimi. Naitwa Kavinya."

Bibi aliyefanya ishara ya msalaba akasema hakusikia.

Nikasema tena, kwa nguvu.

Fundi wako,
Kavinya Muinde